Tupeane uzoefu: ada ya chuo ilipobisha hodi nyumbani hakuna kitu (Nyanda za Juu Kusini)

Binti wa Isyonje
Kamwene wote, na wa Rungwe mwagonile. Jana Uyole nimemsikia mzazi anamwambia dalali wa viazi, "Nipe hiyohiyo bei yako, mtoto anazuiwa mtihani." Yamenirudia mengi. Mliosomeshwa kwa mashamba ya huku kwetu, njooni mseme mlivyovuka. Na ambao hamkuvuka pia.

Mkulima wa Vwawa
Kinachotuua ni msimu. Mitihani ya muhula wa kwanza inaangukia Februari. Februari huku mahindi mabichi, ghala limekauka, hela yote imeingia kwenye mbolea. Ukivuna Julai, kila mtu kavuna, bei imelala.

Lumbesa
Umemaliza kila kitu mkuu.

Dada wa Mafinga
Mimi nimesoma kwa paini. Baba alipanda ekari mbili nikiwa darasa la tano, akasema hiyo ndiyo pensheni yake. Paini ya mbao unaiacha miaka 18 na kuendelea ndipo ikulipe. Nilipochaguliwa chuo, mkopo wa serikali ukaja wa chakula na malazi, wa ada kidogo sana, na miti haijafikisha hata miaka 10. Mnunuzi akaja, akaona tuna shida, akataja bei ya kuni. Baba akapokea.

Mwaka wa kwanza ukapita. Mwaka wa pili ada ikapanda, michango ikaongezwa juu yake, na shambani vimebaki visiki. Wiki ya mitihani jina langu halimo kwenye orodha ya walioruhusiwa. Nilisimama nje ya ukumbi nikisikia karatasi zinagawiwa.

Kaka yangu alifaulu kidato cha sita mwaka mmoja na mimi. Baba hakuweza wawili, kaka akasema nitangulie mimi. Wakati ule alikuwa anabeba magogo kiwanda cha mbao. Akaomba mshahara mapema, akanitumia wote. Niliifanya mitihani iliyobaki, ule uliopita nikaurudia mwaka uliofuata. Leo nina kazi, yeye bado yuko kwenye mbao. Inaniuma kila mwisho wa mwezi.

Mwana Makete
Pole sana dada. Kaka hakuomba mkopo?

Dada wa Mafinga
Aliomba. Cheti cha kifo cha mama kilichelewa kuhakikiwa, dirisha likafungwa.

Fundi Soweto
Mkopo wenyewe kitanzi. Nakatwa asilimia 15 kila mwezi. Mpelekeni mtoto VETA, atoke na ufundi wake.

Mwalimu wa Tukuyu
Asilimia 15 ni ya mshahara wa msingi, na ile asilimia 6 iliyokuwa inavimbisha deni ilifutwa 2021. Deni linaisha, shamba likishauzwa ndiyo basi.

Fundi Soweto
Unasema hivyo kwa kuwa umeajiriwa. Mdogo wangu ana digrii, yuko nyumbani, deni linamsubiri.

Mwalimu wa Tukuyu
Simpuuzi mdogo wako. Ninachokataa ni VETA kufanywa njia ya watoto wa maskini tu. Aliyefaulu fizikia akitaka uhandisi, asizuiwe na mfuko wa baba yake.

Mama Parachichi
Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, tukashukuru kwelikweli. Lakini sasa mzazi anakutana na ada kwa mara ya kwanza mlangoni pa chuo, tena ya zaidi ya milioni. Anzeni kuweka kwenye kikoba mtoto akiwa kidato cha kwanza.

Lumbesa
Kikoba riba itakumaliza mama. Nunua ng'ombe wa maziwa.

Mkulima wa Vwawa
Akifa je? Panda kahawa.

Mwana Makete
Msiuze chochote kabla ya rufaa ya mkopo. Mimi niliongezewa kwa rufaa, baada ya kuambatanisha vyeti vyote.

Fundi Soweto
Na wanaokataliwa rufaa?

Binti wa Isyonje
Jamani, turudi kwa dada wa Mafinga. Kaka yako ana miaka mingapi sasa? Chuo Kikuu Huria wana vituo Iringa na Mbeya, mtu anasoma huku anafanya kazi, na analipia masomo anayochukua.

Dada wa Mafinga
Ana 31. Cheti chake cha kidato cha sita ninacho mimi.

Mwana Makete
Sasa unangoja nini dada? Kesho asubuhi nenda kituo cha Iringa, uliza maombi yanafungwa lini. Na uende naye.