Fundi anasema gesi ya bomba la laptopu imeisha. Kweli hujazwa?

Mhariri_Umoja: Hamjambo wadau. Nahariri video za harusi. Siku hizi nikianza kutoa video, feni inavuma, prosesa inafika nyuzi 98, halafu mashine inakuwa nzito kabisa. Fundi mmoja pale barabara ya Luthuli, Nairobi, ameifungua akanionyesha bomba bapa la shaba linalotoka kwa prosesa hadi kwenye feni. Anasema lina gesi na imeisha, atatoboa ajaze kisha alehemu, shilingi 4,500. Jambo hili lipo? Nina kazi ya wateja.

Waya_Mwekundu: Dada, isitobolewe! Ichukue leo.

Mlehemu: Sikiliza huyo. Ndani hamna gesi ya kujazwa kama ya friji. Kuna maji kidogo sana, na kiwandani hewa hunyonywa kabla bomba halijazibwa. Kwa kuwa hewa haimo, maji hugeuka mvuke kwa joto la prosesa bila kungoja nyuzi 100. Mvuke hukimbilia upande wa feni, hupoa, huacha joto huko na kuwa maji tena. Kisha maji hurudi kupitia tabaka la unga wa shaba lililoshikamana na kuta za ndani, vile mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba jouli 2,260 hivi, ndiyo maana ufito wa shaba tupu haufui dafu mbele ya bomba hili. George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alilitengeneza mwaka 1963 akifikiria mitambo ya angani.

Likitobolewa, hewa inaingia na bomba limekufa. Ukitaka kulipima, liondolewe, uchovye upande wa prosesa kwenye maji ya moto huku umeshika upande wa feni. Ukipata joto mkononi mara moja, bomba ni zima. Likikaa baridi, nunua jingine la modeli hiyohiyo.

Kijana_Rongai: Swali, mkuu. Nairobi tuko juu mita 1,700 hivi na maji huchemka kama nyuzi 94. Bomba haliathiriki?

Mlehemu: Limezibwa, hewa ya nje hailigusi. Inayoumia ni feni: hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo kila mzunguko unaondoa joto pungufu. Huku juu vumbi kwenye mapezi, vile vibati vyembamba ambavyo feni hupulizia hewa, halivumiliki.

Mhariri_Umoja: Asanteni sana, ndugu zangu. Nimeichukua nikaipeleka kwa fundi mwingine, tumepima mbele yangu na bomba ni zima, lilipasha vidole papo hapo. Mapezi yalikuwa yamezibwa na vumbi na themopesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na bomba, imekauka ikawa unga. Amesafisha na kupaka mpya. Nikitoa video sasa inacheza kwenye nyuzi 80.

Waya_Mwekundu: Hiyo ni sawa kabisa. Isafishwe tena kabla ya vumbi la Januari, na usiifanyie kazi juu ya kitanda, matundu ya chini yanazibwa.