Wakala wa viza ya mama: nimwamini nani?

Shikamooni wakubwa, wengine mugonile.

Mke wangu anatarajia kujifungua Aprili, nataka mama aje Leeds miezi mitatu. Yuko Tukuyu, ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege. Wakala mmoja Mbeya mjini anataka milioni mbili na nusu, anasema kila kitu kimo humo humo. Mwingine yuko huku huku Uingereza, bei inakaribiana. Nimfuate yupi?

Mdogo wenu, Leeds

---

Kamwene mdogo wangu. Mungu amfungue mkeo salama.

Usitume hata shilingi kwanza. Nakuandikia kwa uchungu, maana yalimpata mama yangu mzazi, Mufindi.

Kishoka wetu alikuwa na ofisi nzuri na maneno ya heshima. Hakuuliza mama analima nini. Mama ana shamba la chai, kiwanda kinamlipa kupitia benki, kidogo kidogo lakini hakikosi. Yule bwana akaona hela hiyo haitoshi, akatengeneza taarifa ya benki yenye mamilioni ambayo mama hajawahi kuyaona. Fomu aliijaza kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa hiyo jibu la kukataliwa likaenda kwake. Wiki tano nzima akatuambia "bado". Ukikutwa na karatasi ya kughushi kwenye maombi ya Uingereza, unaweza kufungiwa miaka 10, na anayefungiwa ni mwombaji. Kishoka anaendelea na wateja wengine.

Sasa huyo wa Uingereza. Huku mtu haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuwa mwanasheria. Ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1999. Wasajili wanaitwa Immigration Advice Authority, hadi Januari 2025 walijulikana kama OISC. Rejista yao iko wazi kwenye intaneti. Mwombe namba, kisha itafute wewe mwenyewe humo, usitosheke na cheti alichobandika ukutani. Kama ni mwanasheria, naye ana chombo chake kinachomsimamia, ulizia hukohuko. Sheria hiyo inamshika aliyeko huku. Wa Mbeya haimfikii, akikudhulumu utaanza kuhangaika na polisi kutokea Leeds.

Yeyote utakayemchagua, akaunti ya maombi ifunguliwe kwa barua pepe yako au ya mama. Ada ya viza inalipwa kwenye tovuti ya serikali na kiasi chake kinaonekana, kwa hiyo akutenganishie: hii ya serikali, hii ya kazi yangu. Ya kwake akupe risiti. Akupe fomu uisome yote kabla ya kutumwa, umsomee mama kwa simu, kwa Kinyakyusa ikibidi, hadi aseme ndiyo, ni kweli. Akikwambia huna haja ya kusoma, mwache hapo hapo. Na anayekuhakikishia viza itatoka anakudanganya, kwa sababu uamuzi si wake.

Kwa maoni yangu, viza ya matembezi unaweza kuijaza mwenyewe. Yanayotakiwa unayo: barua yako ya mwaliko, mishahara yako, na ushahidi kwamba mama ana maisha ya kurudia. Ndizi, chai, parachichi, hati ya kimila ya shamba, akiba ya SACCOS, wajukuu walioko Tukuyu. Wakala mzuri ataanza kukuuliza hayo kabla ya kutaja bei. Alama za vidole lazima mama akatoe mwenyewe Dar es Salaam, hakuna wakala wa kumwakilisha. Tafuta mtu wa kumsindikiza kwenye basi, na alale Dar usiku mmoja kabla ya miadi.

Dada yako, Reading

---

Naongezea kwa tulioko Kanada: huku rejista ni ya College of Immigration and Citizenship Consultants. Mtu akisema yeye ni mshauri na jina lake halimo, achaneni naye, hata kama mnasali kanisa moja. Mimi nilimwamini wa kanisani.

Kaka yenu, Edmonton

---

Dada, asante sana. Yule wa huku nilimwomba namba jana, hajajibu mpaka sasa. Nimempigia mama asubuhi. Karatasi za kiwanda cha chai anazo zote, alikuwa anazihifadhi kwenye debe chini ya kitanda. Mdogo wangu anakwenda Jumamosi kuzipiga picha.