Mhadhiri wa Biolojia ya Utangulizi amenidhalilisha ukumbi mzima kwa sababu ya kitunguu

Slaidi_Yangu (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi na hasira haijashuka, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza ni mhadhiri gani ninayemzungumzia. Kila aliyewahi kukaa katika Biolojia ya Utangulizi anamjua. Ni yule anayeanza mhadhara kabla ya saa yenyewe kufika, kisha anamkazia macho anayeingia kwa wakati kana kwamba amechelewa mwaka mzima. Ndiyo, huyo huyo.

Leo, mbele ya watu wote, ameuchukua mchoro wangu wa seli za ncha ya mzizi wa kitunguu, akauweka kwenye projekta hadi ukaenea ukuta mzima, akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena, halafu akasema: "Mwenye kitunguu hiki ajitokeze tumpe pole." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Waliokaa nyuma walicheka kabla hawajauona mchoro wenyewe, na naapa kwamba hata kile kiunzi cha mifupa kinachoning'inia pembeni kilitikisika.

Dhambi zangu, kwa mujibu wa wino wake mwekundu, ni kwamba nilitia kivuli kwenye viini badala ya kuacha mstari mmoja safi, mistari ya kuonyesha majina ya sehemu ilikatana, mmoja wa mistari hiyo niliumalizia kwa mshale, nilitumia kalamu ya wino badala ya penseli iliyochongwa, na sikuandika ukuzaji wa hadubini. Kwa hayo nimepewa sifuri. Sasa nauliza: nilitia kivuli kwa sababu kiini nilichokiona kilikuwa cheusi, na kilikuwa cheusi kwa sababu kilikuwa kimepakwa rangi ili kionekane, kwenye slaidi aliyotupa yeye mwenyewe. Nilipaswa kuchora nilichokiona au alichokiota? Na kuhusu ukuzaji, lenzi ya jicho ni 10 na lenzi ya chini ilikuwa 40, kila mtu katika maabara ile alikuwa akitazama mara 400, hata yeye anajua, sasa nilikuwa namficha nani?

Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1665, alipokitazama kipande cha kizibo na kuvipa vile vyumba vidogo jina la seli ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo, alichora mchoro uliojaa weusi na vivuli kila mahali. Hakuna aliyempa pole. Angekuwa ameusajili mchoro ule katika kozi hii angerudia mwaka.

Muhtasari wa kozi ulisema kwa herufi nzito kwamba kozi haihitaji maarifa ya awali. Katika mhadhara wa kwanza akatupitisha kwenye asidi amino zote 20 huku akisema kwamba haya ni mambo tuliyoyajua tangu sekondari. Unatakiwa usome sura nzima kabla ya kuja, halafu ufike utulie usikilize sura tofauti. Kuna jaribio la mtandaoni linalofungwa saa sita usiku, na ripoti ya maabara yenye utangulizi, dhahania, mbinu, matokeo na majadiliano, na ole wako ukiandika kwamba wewe ndiye uliyefanya jambo lolote. Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika "nilikata mizizi", akapigia mstari na kuandika pembeni: "Wewe ni nani?" Inapaswa kuwa "mizizi ilikatwa", kana kwamba ilijikata yenyewe usiku tukiwa tumelala.

Hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni "tumpe pole". Pole ya nini? Nani amefiwa? Nimeinamia hadubini kipindi kizima nikitafuta seli moja tu iliyo katika anafezi, ile hatua ya mgawanyiko ambapo kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) zinavutwa pande mbili, maana kila niliyoiona ilikuwa imepumzika katika interfezi, yaani kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, nimeipata, nimeichora kabla haijapotea, shingo bado inauma, halafu mtu mzima mwenye koti jeupe anasimama mbele ya ukumbi na kusema ajitokeze tumpe pole. Tena alisema "ajitokeze", wakati jina langu lilikuwa limeandikwa juu ya karatasi kwa herufi kubwa, na lilikuwa ukutani pamoja na kitunguu chenyewe.

Naomba mnisaidie: malalamiko ya namna hii hupelekwa kwa nani?

Kiti_cha_Mbele

Mleta uzi, nilikuwepo na nimekaa mstari wa kwanza, kwa hiyo naomba kuweka kumbukumbu sawa. Hakufuta miwani, alipiga chafya. Pia hukueleza kwamba seli uliyodai iko katika anafezi ilikuwa na kromosomu zilizojaa hadi zikavuka ukuta wa seli na kuingia kwa jirani. Seli ya mzizi wa kitunguu ina kromosomu 16. Mimi niliacha kuhesabu nilipofika 30 na nilikuwa bado upande mmoja. Pole sana, Mwenye Kitunguu.

Slaidi_Yangu

Kiti cha Mbele, katika anafezi kila kromosomu imeshagawanyika na nusu zake zinavutwa kuelekea ncha mbili, kwa hiyo seli nzima kwa wakati huo ina 32. Ulikuwa umebakiza mbili tu, rudi umalizie. Na miwani aliifuta. Aliifuta na pindo la koti, taratibu, ndipo akasema maneno yale.

Kiti_cha_Mbele

Nimesema nilifika 30 nikiwa upande mmoja, mkuu. Upande mmoja unapaswa kuwa na 16.

Mhariri_wa_Bure

Sina upande katika ugomvi huu, lakini siwezi kulala bila kusema kwamba seli iliyo katika interfezi haijapumzika. Huo ndio wakati inapokua na kuinakili DNA yake yote, na ndiyo sababu wengi mnaziona seli za namna hiyo kuliko nyingine chini ya hadubini: mzunguko wa seli sehemu yake kubwa hupita hapo, mgawanyiko wenyewe ni kipande kifupi cha mwisho. Ukiandika "imepumzika" katika majadiliano ya ripoti, utakatwa alama, na safari hii atakuwa na haki.

Mkongwe_wa_Maabara

Vijana mnalia kwa sababu ya mchoro? Ninyi mmepewa slaidi zilizotengenezwa tayari kiwandani, mnaweka chini ya lenzi, mnaona, mnaondoka. Sisi kwa mhadhiri huyo huyo tulikata mizizi wenyewe, tukaipasha moto katika asidi ili seli ziachiane, tukaitia rangi, tukaifunika kwa kioo chembamba na kuibonyeza kwa kidole gumba hadi seli zitawanyike. Ukibonyeza kidogo unaona lundo la seli zilizopandana. Ukibonyeza sana kioo kinavunjika. Changu kilivunjika. Alikuja, akatazama, akawaita wenzangu wasogee, akawaambia kwamba nimevumbua njia mpya ya kusaga kitunguu. Miaka imepita na bado kuna watu wananiita Kinu. Kwa hiyo "tumpe pole" mimi naiona kama sifa.

Slaidi_Yangu

Mkongwe, pole kwa jina hilo, lakini wewe angalau mchoro wako haukupakwa ukuta mzima. Mimi nilikuwa na jina langu pale juu.

Chupa_ya_Nzi

Hamjaona kitu ninyi wa vitunguu. Subirini mfike kwenye jenetiki mpewe nzi wa matunda. Zoezi lenyewe linasikika rahisi: unawachanganya majike wenye macho meupe na madume wenye macho mekundu, unasubiri kizazi kijacho, unahesabu. Jeni ya macho meupe inakaa kwenye kromosomu X, ambayo jike anazo mbili na dume anayo moja, jambo ambalo Thomas Hunt Morgan, mtafiti wa urithi wa nzi, alianza kulifuatilia mwaka 1910, kwa hiyo watoto wa kike wote wanapaswa kuwa na macho mekundu na wa kiume wote meupe. Lakini ili ifanye kazi ni lazima majike wawe hawajapandwa, na jike anaweza kupandwa muda mfupi tu baada ya kutoka kwenye ganda la bundo, lile ambamo buu hugeuka kuwa nzi. Zikipita kama saa nane tangu atoke huwezi tena kumwamini. Nzi hawa hawafuati ratiba ya chuo. Wengi wao hutoka alfajiri. Nilikuwa nafika maabara wakati hata mlinzi hajaamka vizuri, nikitenganisha majike na madume kwa brashi ndogo, na nikiwalaza kwa dawa kidogo wanazinduka katikati ya hesabu na kuruka, nikiwazidishia wanalala moja kwa moja.

Mwishowe kizazi kikatoka na ndani yake wakaonekana majike wenye macho meupe ambao kwa kanuni zote za urithi hawakutakiwa kuzaliwa. Maana yake mama yao alishapandwa na kaka yake ndani ya chupa ya zamani kabla sijamtoa. Nikamwonyesha mhadhiri nikitarajia msaada. Alinitazama, akazitazama chupa, akasema: "Familia hii ina mambo yake, mimi sitaingilia." Akaondoka. Nikarudia zoezi lote.

Mgawanyo_Sawa

Chupa ya Nzi, hilo la familia limenichekesha hadi machozi, lakini ngoja na mimi nitoe langu. Nilichagua biolojia kwa kukimbia hesabu. Hilo ndilo lengo langu pekee katika elimu ya juu. Kisha akaandika ubaoni p² + 2pq + q² = 1, kanuni ya kukadiria ni wangapi katika jamii wanaobeba jeni fulani, na kutuambia kwamba Hardy aliyeileta mwaka 1908 alikuwa mwanahisabati, akasema hivyo kwa furaha, kama anayetangaza zawadi. Swali la kazi ya nyumbani likasema ugonjwa wa kurithi unampata mtu 1 kati ya 10,000, tafuta wabebaji, yaani wenye jeni moja ya ugonjwa lakini wasiougua. Ukikokotoa unapata karibu mtu 1 kati ya 50. Nikaona haiwezekani, ugonjwa adimu namna hiyo ubebwe na watu wengi hivyo, nikafuta jibu na kuandika dogo zaidi. Jibu nililofuta ndilo lililokuwa sahihi. Alirudisha karatasi akiwa amelizungushia jibu lililofutwa kwa duara jekundu na kuandika: "Karibu tena."

Jina_la_Tano

Mnazungumzia mhadhiri wakati adui halisi ni kazi ya kundi. Ripoti yetu ya usanisinuru ina majina matano. Mmoja alipima viputo vya oksijeni vinavyotoka kwenye mmea wa majini, mmoja alisogeza taa, mmoja aliandika, mmoja alituma ujumbe wa "tuko pamoja", na wa tano hatujawahi kumwona kwa macho, tunamjua kwa namba ya usajili tu. Sote tumepata alama moja.

Slaidi_Yangu

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mimi nimefungua uzi kuhusu mtu aliyesimama mbele ya ukumbi akasema "ajitokeze tumpe pole", na hadi sasa hakuna hata mmoja aliyenijibu malalamiko hupelekwa wapi. Viputo, nzi na Hardy vifungueni nyuzi zenu.

Kiti_cha_Mbele

Yapeleke kwa penseli, mkuu. Itakusikiliza.

Mkongwe_wa_Maabara

Jina la Tano, sasa huyo wa tano si ndiwe? Jina lenyewe linasema.

Jina_la_Tano

Mimi ndiye niliyesogeza taa. Naomba tuheshimiane.

Usiku_wa_Jaribio

Samahani kwa kuingilia. Jaribio la mtandaoni la sura ya upumuaji wa seli linafungwa saa sita na nimekwama kwenye swali la nne. Glukosi moja ikivunjwa yote kwa oksijeni inatoa ATP (ile molekuli inayobeba nishati ya seli) ngapi? Kitabu nilichorithi kwa dada yangu kinasema 38. Kitabu cha maktaba kinasema 36. Slaidi zake zinasema 32, na mwenzangu wa kundi jingine ameandika 30 akapata.

Mhariri_wa_Bure

Vitabu vyako vya zamani havikukosea kuhesabu, vilidhani tu kwamba kila NADH inazaa ATP 3 kamili na kila FADH2 inazaa 2 (zote mbili ni molekuli zinazobeba elektroni kutoka kwenye glukosi). Vipimo vya baadaye vimeshusha makadirio hayo hadi karibu 2.5 na 1.5, kwa sababu sehemu ya nguvu ile hutumika kusafirisha vitu kupita kwenye utando wa mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza ATP nyingi, na protoni nyingine huvuja bila kufanya kazi yoyote. Glikolisisi, hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, kukupa faida ya ATP 2, na mzunguko wa Krebs, hatua ya baadaye ndani ya mitokondria, kukupa 2, hapo hakuna ugomvi. Tofauti ya 30 na 32 inatokana na njia ambayo elektroni za NADH zilizotengenezwa nje ya mitokondria huingizwa ndani, na njia hiyo hutofautiana kati ya tishu na tishu.

Usiku_wa_Jaribio

Nimeelewa na nashukuru sana, mkuu. Lakini kisanduku kinapokea namba moja tu. Niandike ngapi?

Mgawanyo_Sawa

Andika aliyoiandika yeye ubaoni wiki iliyopita, huyo hakubali nyingine.

Chupa_ya_Nzi

Ubaoni aliandika "takribani".