Kola ya beringi ya ekseli ya nyuma imegoma: moto wa gesi au presi kubwa zaidi?

Tope4x4
Habari wakuu. Gari ni Suzuki Samurai, ekseli ya nyuma kushoto. Beringi inanguruma na oili ya difu imefika hadi kwenye viatu vya breki. Shafti iko nje, lakini kola (pete ya chuma) inayozuia beringi haisogei. Nimeipulizia dawa ya kulegeza kutu ikalala nayo usiku kucha, nikaiweka kwenye presi ya tani 12, wapi. Nipashe moto wa gesi au nitafute presi kubwa zaidi? Kola, beringi na sili (mpira wa kuzuia oili) mpya ninazo.

Chuma_Baridi
Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kola hiyo haijashikwa na kutu. Tundu lake ni dogo kidogo kuliko shafti, ndiyo maana dawa haina pa kupenya. Moto wa gesi utaharibu ugumu wa shafti. Ukiona chuma kimegeuka buluu, ujue kimefika karibu nyuzi 300. Na ukiongeza tani huku umeshikilia ringi ya nje ya beringi, inaweza kupasuka na vipande kuruka kama risasi.

Kola unaikata, hutoi nzima. Funga shafti kwenye jiliwa lenye vipande vya shaba au mbao, kisha funika meno ya shafti na sehemu inayopita sili kwa kitambaa kinene kilicholowa maji. Chukua grenda yenye diski nyembamba ya kukatia, kata mfereji mmoja kwenye kola ukifuata urefu wa shafti. Kata kidogo kidogo, simama, angalia. Ukibakiza kama milimita 1 ya chuma, acha. Weka tindo pana na kali ndani ya mfereji, piga nyundo nzito pigo moja la uhakika. Kola ikipasuka utasikia mlio mkavu, na mfereji utafunguka mbele ya macho yako. Hapo inalegea. Ikigoma, kata mfereji wa pili upande wa pili.

Miwani ya kinga ni lazima, tindo hurusha vipande.

Tope4x4
Asante mkuu. Hofu yangu ni diski kugusa shafti. Nitajuaje imebaki milimita 1?

Chuma_Baridi
Pima unene kwenye kola mpya uliyonayo, toa milimita 1, halafu weka alama ya kina kinachobaki ubavuni mwa kola ya zamani, upande unaotazama meno. Diski ni duara, kwa hiyo upande wa beringi mfereji utabaki na kina kidogo. Usijilazimishe kuumaliza, gusa ringi ya beringi ukipenda, maana hiyo nayo inatupwa. Hatari iko upande wa meno, diski ikipita ukingo wa kola inatua juu ya shafti.

Kama mkono hautulii na grenda, tumia drili. Toboa kwa biti ya milimita 6 hadi robo tatu ya unene, ukiwa umefunga utepe kwenye biti kuonyesha kina, kisha tindo juu ya tundu. Chuma cha kola ni laini kiasi, drili inakula. Ringi ya ndani ya beringi haitobolewi hivyo. Ikibaki kwenye shafti, ni grenda na tindo tena.

FundiDifu
Niongezee upande wa kurudishia, maana hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Kola ndiyo inayozuia shafti isitoke pamoja na tairi gari likiwa mwendoni. Kwa hiyo kola ya zamani hairudi, na mpya haichomelewi.

Mkwaruzo mdogo kwenye shafti lainisha kwa msasa. Mchirizi wenye kina uliokata shafti kwa kuizunguka ni mwanzo wa ufa, badilisha shafti.

Sahani ya breki (inayobeba viatu) inaingia kwanza, ukisahau utakata kola mpya pia. Halafu beringi, ukisukuma ringi ya ndani peke yake. Kola usiisukume pamoja na beringi. Ipashe kwenye oveni hadi nyuzi 150 hivi, ipeleke hadi igote kwenye beringi, kisha ishikilie hapo kwa bomba na presi mpaka ishike. Ukiiachia mapema, ikipoa hujivuta na kuacha mwanya. Fila geji (kipande chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 isipite popote.

Sili mpya ipake grisi kwenye mdomo. Na kabla hujafunga, puliza bomba la kupumulia la ekseli. Likiziba kwa tope, joto la difu husukuma oili kupitia sili, nzima au mbovu, na breki zitalowa tena.