MJADALA: Wakulima wa zabibu Dodoma wapewe ruzuku ya dripu (mabomba ya kumwagilia tone kwa tone) na droni, au watafutiwe kwanza soko?

Mpunguzi Damu
Wakuu, habari za jioni. Dodoma tunapata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua tu. Wenzetu wa Western Cape kule Afrika Kusini wana huduma inaitwa FruitLook: setilaiti inapima shamba la mizabibu, mkulima anafungua kompyuta anaona kipande gani kina kiu. Serikali ya jimbo lao ndiyo ilibeba gharama ilipoanza mwaka 2011. Sisi mwaka 2022 tulipewa ruzuku ya mbolea, mbona kwenye zabibu hakuna ruzuku ya dripu, pampu za sola na droni za kupulizia? Hoja iko mezani, karibuni.

Mama Briksi
Mwanangu Mpunguzi, nikuulize. Nilinunua kile kidude cha kupimia sukari. Unaminya zabibu moja, tone linadondokea kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma mstari umefika wapi. Msimu mmoja nilisubiri mpaka mstari ukapita 22. Jirani yangu alivuna zikiwa hazijafika hata 17. Tulifika kwa mnunuzi siku moja, tukapimiwa kwenye mzani mmoja, tukalipwa bei moja kwa kilo. Tena yeye alipata zaidi, maana zabibu zake zilikuwa bado zimejaa maji! Sasa hiyo setilaiti inisaidie nini? Anayenunua alipe kwa sukari, hizo teknolojia tutazitafuta wenyewe bila kusukumwa.

Mpunguzi Damu
Mama, shikamoo. Hoja yako nzito, ila mimi nazungumzia maji.

Mzee wa Mkasi
Haya mambo ya droni ni ya wakulima wa Jumamosi. Wamehamia na makabrasha ya ofisi baada ya 2016, wakanunua ekari Mbabala na Hombolo, wamemwachia kijana shamba, mwisho wa wiki wanakuja na kofia mpya kupiga picha na kishada cha zabibu. Mkulima wa zabibu unamjua kwa mikono. Hawa ukiwapa mkasi hawajui wakate jicho la ngapi.

Ihumwa Mpya
Mzee, shikamoo. Mimi ndiye huyo wa Jumamosi, na kofia ninayo. Nilipofika hapa nilikuta nguzo za miti zimeliwa na mchwa, kila msimu watu wanasimika upya. Nikaweka za zege. Nikachimba kisima, nikafunga sola, nikatandaza dripu. Leo majirani wanakuja kujaza madumu kwangu. Ekari mlituuzia wenyewe, kwa hiari yenu, kwa bei mliyotaja wenyewe, leo mnatucheka kofia? Acheni roho mbaya.

Mzee wa Mkasi
Marahaba. Sikutaja jina, umejitaja. Na hiyo "kwa hiari" usiiseme kwa sauti kubwa. Mtu ana mtoto wa kulipia chuo, zabibu zimeozea shambani kwa kukosa mnunuzi, anakuja bwana na gari anataja laki kadhaa. Hiyo unaiita hiari? Mashamba ya pembeni ya mji yamegeuka viwanja, kilichobaki ni majina.

Chako ni Chako
Mzee kafunga mjadala 😂

Ihumwa Mpya
Hajafunga kitu. Nitajie mtu mmoja niliyemlazimisha kuuza.

Bwana Ubwiri
Turudi kwenye mada. Nimefanya kazi ya ugani kwenye mizabibu, niseme mawili.

Droni inapuliza kutoka juu. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unajificha ndani ya kishada na upande wa chini wa jani, mahali ambapo dawa ya kutoka juu haifiki vizuri kama majani yamefungamana. Kijana na bomba la mgongoni anainama, anapuliza kutoka chini. Hata Umoja wa Ulaya walikataza kwa ujumla kupuliza dawa kutoka angani, na ruhusa zao zilikuwa za mahali maalumu kama miteremko mikali. Na hapa kwetu droni ina kibali cha mamlaka ya anga, hairushwi kama tiara.

Dripu nayo ni nzuri, ila ni lazima upime maji kwanza. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Ukimwagilia bila kupima, unaipeleka chumvi kwenye mizizi tone kwa tone, halafu vile vitundu vinaziba. Nendeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora waulizeni kabla ya kununua mabomba.

Chako ni Chako
Bwana Ubwiri, swali dogo: huko kwenye ugani ulikuwa unawatembelea wakulima lini? Kwetu nasikia afisa ugani kama ninavyosikia habari za simba, sijawahi kumuona.

Bwana Ubwiri
Pikipiki moja, vijiji saba. Endelea kucheka.

Mama Briksi
Mnakumbuka ule mradi wa zabibu wa Chinangali II? Dripu ilitandazwa, mipango ilikuwa mizuri, na mkopo wa benki ukaja pamoja na mabomba. Mabomba yalichoka, deni halikuchoka. Ndiyo maana ukiniambia ruzuku nauliza kwanza nitasaini wapi. Mvuno wa Agosti na Septemba ndio wenye sukari nzuri, jua kavu, ubwiri unapungua. Wa Februari na Machi ndio unaotutoa jasho kwa dawa. Mwenye kutaka kutusaidia atujengee mahali pa kusindika na kuhifadhi mchuzi wa zabibu (maji yake yaliyokamuliwa), tusiuze kwa hofu ya kuoza. Zabibu iliyokatwa leo haisubiri mpaka Jumatatu.

Tegeta kwa Ndevu
Hata mkihifadhi huo mchuzi nani atanunua? Divai yenyewe tamu kama soda. Mimi nakunywa ya Afrika Kusini.

Mama Briksi
Wewe kunywa unachotaka, baba. Tena ya kwako inalipiwa ushuru mkubwa kuliko ile yenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75, kwa hiyo ahsante kwa kuichangia serikali. Divai kavu ya Dodoma ipo. Umeonja ile ya harusini iliyofunguliwa toka jana ukadhani umemaliza mkoa.

Makutupora Mwekundu
Tegeta nyamaza kabisa.

Kijana wa Mizabibu
Naombeni nami niseme, maana mimi ndiye huyo "kijana aliyeachiwa shamba." Hakuna aliyeniuliza.

Bosi wangu yuko Dar. Ameweka vihisi vya unyevu ardhini, vinatuma taarifa kwenye simu yake. Siku moja alfajiri ananipigia: udongo umekauka kabisa upande wa mashariki, unalala tu, fungua maji! Namwambia bosi, hapa nimesimama kwenye tope, mvua imepiga usiku kucha. Anasema simu haidanganyi. Nikafungua maji juu ya mvua. Kulipokucha vizuri nikaenda kuangalia: kihisi kimeng'olewa na mbuzi, kimelala juu ya jiwe kinapigwa jua. Kweli kilikuwa kimekauka.

Kidude chenyewe si kibaya. Siku za kiangazi kinanipunguzia kazi ya kuchimba na kushika udongo kwa mkono. Ila ningekuwa naiona mimi hiyo taarifa, mbuzi angejulikana asubuhi ileile. Programu iko kwenye simu ya bosi, na simu yangu ni ya tochi.

Chako ni Chako
😂😂😂 Simu haidanganyi

Ihumwa Mpya
Kijana, shamba lako liko upande gani wa barabara?

Kijana wa Mizabibu
Bosi, sijasema wewe. Wangu yuko Dar.

Ihumwa Mpya
Mimi wiki iliyopita nilikuwa Dar.

Mzee wa Mkasi
Kofia imeanza kubana.

Ihumwa Mpya
Mzee usichochee. Wangu nimempa simu kubwa, nikamfundisha na kuitumia. Anayemnyima kijana wake taarifa za shamba anajinyima mwenyewe. Ila na vijana muache kulaza mbuzi kwenye mizabibu.

Kijana wa Mizabibu
Mbuzi hawakuwa wangu. Ni wa aliyeuza hilo shamba. Anasema amezoea kuchungia pale tangu utoto na mkataba haukutaja mbuzi.

Mpunguzi Damu
Wakuu, nilikuwa naomba tujadili kama ruzuku ianzie kwenye dripu au...

Makutupora Mwekundu
Subiri kidogo mkuu. Kihisi kililipwa au hakikulipwa?

Mzee wa Mkasi
Mbuzi akila mzabibu, mwenye mbuzi analipa, hilo hata baraza la kijiji wanalijua. Akila kidude cha simu, mtendaji atapiga hesabu ya nini? Mimi huyo mwenye mbuzi ningesimama upande wake.

Ihumwa Mpya
Ungesimama naye kwa sababu ni wewe?