Kipima gesi kinatolewa kabatini wakaguzi wakija tu: hadi lini?

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hilo. Kiwandani kwetu (jina sitalitaja, bado nauhitaji mshahara) vipo vipima gesi vya mkononi vya kutosha zamu nzima, vile vinavyosoma kwa pamoja oksijeni, gesi zinazolipuka, hidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Vimefungiwa kwenye kabati la msimamizi, na vyote hutolewa wakaguzi wakija tu. Mafundi wanaotumwa ndani ya tangi hupewa kimoja kwa watu watatu, tena baada ya kuulizwa kama kweli wanakihitaji.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi vifaa hivyo vinavyotunzwa. Kifaa kuwaka na kuonyesha oksijeni asilimia 20.9, kiwango cha hewa safi, hakuthibitishi uzima wa vihisi vingine (sehemu zinazotambua kila gesi), kwa sababu kihisi cha hidrojeni salfaidi kilichokufa husoma sifuri sawasawa na kihisi kizima kilicho katika hewa safi. Ili kujua, lazima kipuliziwe gesi ya majaribio kutoka kwenye mtungi kabla ya kazi, namba zipande na king'ora kilie, shughuli ambayo haimalizi hata dakika chache. Mtungi wetu umepitwa na muda wake, na nilipouliza nikajibiwa kwamba kifaa "kinajipima chenyewe kikiwashwa". Kinapima betri na saketi zake, basi! Kihisi cha gesi zinazolipuka huharibiwa kimyakimya na mvuke wa silikoni, nayo silikoni imo katika vilainishi tunavyopulizia kila siku.

Wapo wanaosema pua inatosha. Hidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, hivyo mtu hudhani gesi imeondoka kumbe imezidi. Kaboni monoksaidi haina harufu kabisa.

Halafu kuna upimaji wa mlangoni. Msimamizi huinama juu ya tangi, hushusha mkono kidogo, husoma, hutia saini kibali. Methani ni nyepesi, hupanda. Hidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, huko huko fundi anakokwenda kuchuchumaa. Ndiyo maana hewa hupaswa kuvutwa kwa mpira kutoka juu, katikati na chini, kwa kusubiri kila mara ifike kwenye kifaa, na upimaji uendelee muda wote wa kazi. Wiki iliyopita king'ora kililia oksijeni iliposhuka chini ya asilimia 19.5, naye akaamuru kizimwe kwa kuwa "kinapiga kelele bure". Fundi alitoka kwa hiari yake, akakatwa malipo ya zamu.

Afisa usalama nimemwandikia, hajajibu. Ninawaomba waliowahi kufikisha jambo kama hili kwa wakaguzi wa usalama kazini bila kujianika waeleze walianzia wapi na ni ushahidi gani uliokubaliwa, kwa sababu kifaa kile hurekodi saa na kiwango cha kila king'ora, na rekodi ya siku ile bado imo.