Wauza adapta za waifai Mwanza mjini, mnatupiga mchana kweupe

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Kama una duka la vifaa vya kompyuta katikati ya mji na roho yako nyepesi, pita tu.

Nina kompyuta mbili za mezani kwenye fremu ya uani, huku Buzuruga. Ni zile za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, sipiyu nyembamba nyeusi, nusu ya stesheneri za mji huu zinazo. Mashine ngumu, sina ugomvi nazo. Ila waifai hazina, maana zilitengenezwa zichomekwe waya nyuma, basi. Ruta iko sebuleni nyumba kubwa. Kati ya ruta na fremu kuna ukuta wa tofali za saruji, dirisha la nondo, na tenki la maji la lita 2000.

Najua kuna mtu kashaanza kuandika "vuta waya". Subiri. Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, lakini yule mzee tungeelewana. Radi ndiyo haielewani na mtu. Mlioko Dar labda hamjui: kanda hii ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Mchana mawingu yanajenga nchi kavu, usiku yanahamia ziwani, huko nje kunawaka mpaka asubuhi. Waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine unaokota ule umeme hata kama radi imepiga kwa jirani, na unaupeleka moja kwa moja kwenye ruta na mazabodi. Muulizeni jamaa wa banda umiza mtaani kwetu alichobaki nacho baada ya masika. Kwa hiyo waya wa kukatisha uani sivuti, msinishauri.

Nikaenda dukani. Nikamweleza kijana yote hayo, ukuta, tenki, mashine za zamani. Hata sijamaliza kaninyoshea adapta, kijiti cha USB cha kuipa kompyuta waifai, chenye ukubwa wa ukucha. "Bosi, hii ni 600, inashika mpaka Kamanga." Sh. 35,000. Hakuuliza ruta yangu ni ya aina gani wala mashine inatumia Windows ipi. Anachojua ni hiyo 600 iliyoandikwa kwenye boksi.

Sasa hiyo 600 ndiyo wizi wenyewe. Kijiti kina njia mbili: ya gigahezi 2.4 inayofika megabiti 150 kwa sekunde, na ya gigahezi 5 inayofika 433. Wenye kiwanda wanajumlisha, wanapata 583, wanaiviringisha kuwa 600. Lakini kijiti hakitumii njia zote mbili kwa pamoja, kinachagua moja! Ruta yangu inatoa 2.4 tu, kwa hiyo hiyo 433 nimeilipia bure. Na hiyo 150 ni mpaka ruta ikubali kutumia chaneli pana. Mtaa uliojaa waifai za majirani inabaki chaneli ya kawaida, hapo mwisho ni 72 kwenye karatasi, na kazini unapata nusu yake ukiwa na bahati. Wala tusifike huko, kifurushi changu chenyewe ni cha megabiti 20! Sikuhitaji namba kubwa. Nilihitaji antena. Antena ya kijiti kile iko ndani ya kiplastiki chenyewe, halafu unakichomeka nyuma ya boksi la bati, chini ya meza, kimeangalia ukuta. Kitashika nini?

Draiva sasa, yaani ile programu ya kuifanya kompyuta ikitambue kijiti. Ndani ya boksi kuna kisahani kidogo cha CD. Mashine haina pa kuweka CD. Karatasi ya maelekezo inasema kama huna CD, ingia mtandaoni upakue. Jamani, kama mashine ingekuwa na mtandao, kijiti ningenunua cha nini?

Kilichoniokoa ni simu. Unaunga simu ya Android kwenye waifai ya nyumbani, unazima data ili isile bando, unachomeka waya wa chaji kwenye kompyuta, unaingia kwenye mipangilio unaruhusu simu igawe mtandao kwa USB. Windows inaiona kama kadi ya mtandao ya kawaida. Hiyo ni bure kabisa, na kwa mtu mwenye mashine moja ya kuandikia barua inamtosha. Dukani hutaambiwa, hawapati senti.

Draiva ikaingia, kijiti kikaona mtandao, kikawa kinakata kila dakika. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho Intel walishakiandika tangu 2012: vitundu vya USB 3, mara nyingi vile vya bluu, vinatoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya 2.4. Kijana wa duka aliniambia nichomeke kwenye cha bluu "kiende kasi". Nimenunua waya wa kurefusha USB, sh. 3,000, nikakitoa kijiti nyuma ya sipiyu nikakitundika dirishani. Kukatakata kukapungua. Sh. 3,000 imefanya alichoshindwa mwenye 35,000.

Kwa mashine ya pili nikaenda duka jingine kutafuta kadi ya waifai ya kufunga ndani ya sipiyu, yenye antena mbili. Nikasema wazi: sipiyu nyembamba, inataka kadi yenye kibati kifupi, kile cha kuishikilia nyuma ya sipiyu. "Inaingia, mkuu, hizi zinaingia zote." Nafika, boksi lilishafunguliwa, kibati kirefu ndicho kimefungwa, kile kifupi kinachokujaga nacho hakimo. Kadi haikai. Nikairudisha, nikaonyeshwa maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hilo la risiti mlielewe vizuri. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kifaa kifanye, ukategemea ujuzi wake, kifaa kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mstari mmoja wa mhuri haufanyi uongo wa kaunta uwe halali.

Leo mashine zote mbili zina mtandao, na si kwa kifaa chochote walichoniuzia. Nilitoa ruta ya zamani kabatini, yenye antena ndefu, nikaiweka modi ya klaienti, yaani inapokea waifai ya sebuleni badala ya kutoa yake. Nimeipandisha juu ya dirisha la fremu, pembeni, isitazamane na tenki, maana maji yanameza mawimbi haya. Kutoka hapo nyaya fupi mbili za mtandao mpaka kwenye mashine, zote ndani ya fremu. Hakuna draiva wala kibati. Si kila ruta ina modi hiyo, angalia kwenye mipangilio kabla hujaanza kuhangaika. Na usiiweke iwe ya kurudia mawimbi kama hulazimiki, yenye redio moja inapokea na kutuma kwa zamu, kasi inagawanyika nusu.

Ushauri huo wote wangeweza kunipa kwa kuuliza swali moja tu: ruta iko wapi?

Kijiti nakiuza sh. 10,000, waya wa kurefusha nakupa juu. Na wewe wa duka la kadi, najua huwa unapita humu: kibati changu kifupi nakitaka, Jumatatu niko hapo kaunta.